Kahawa ina wanusaji, ugali hauna

Kahawa ya ukanda wa Maziwa Makuu ina kasoro moja inayowatoa jasho wafanyabiashara. Mkulima anaweza kuchuma buni iliyoiva, ikamenywa, ikachachushwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja mpaka ikakauka sawasawa. Halafu siku ya kuonjwa, kati ya vikombe vitano vilivyopangwa mezani kutoka gunia moja, kimoja kinatoa harufu ya kiazi mviringo kibichi kilichomenywa sasa hivi. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima. Mnunuzi aliyepanda ndege kutafuta kahawa ya bei ya juu ya Rwanda, Burundi au Kivu akikutana na kikombe hicho, ama anashusha bei, ama anakwenda kwingine.

Wataalamu wameifuatilia kasoro hiyo mpaka kwenye mzizi wake. Inahusishwa na mdudu aitwaye antestia, yaani kunguni wa kahawa, anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Ndani ya buni ya namna hiyo hukutwa kemikali ya jamii ya methoksipirazini, ambayo pua ya binadamu huisikia hata ikiwa kidogo kupita kiasi: takriban gramu mbili ndani ya lita bilioni moja za maji. Vyuo vikuu vya Marekani vimeshirikiana na watafiti wa Rwanda kuipima kwa mashine za gharama kubwa. Vituo vya kuoshea kahawa hutia matunda majini ili yale mepesi yaelee na kuondolewa, na akina mama huketi mezani wakichambua buni moja moja. Kazi yote hiyo inafanyika kwa ajili ya harufu isiyomdhuru mnywaji kwa lolote.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki dunia kwa sumukuvu, wengi wao baada ya kula mahindi waliyoyavuna wenyewe. Miaka 12 kabla ya hapo, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa kitovu cha msiba, waliugua watu 317 na wakafa 125. Sumu iliyowaua, aflatoksini, haina harufu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Mama aliyesonga ugali ule aliupika vizuri, na kwa pua yake hakusikia kitu cha kumzuia asipakue.

Hoja yangu ni hii: katika eneo letu, utaalamu wa kunusa chakula umefuata pesa, haukufuata hatari. Kinachosafirishwa kina waonjaji, maabara na vyeti. Kinacholiwa hapa nyumbani tumekiachia pua ya mnunuzi sokoni na pua ya mama jikoni, na pua hizo, kwa jinsi zilivyoumbwa, zinajua uozo na hazijui sumu. Sayansi ya kupima harufu imeshakomaa kiasi cha kutusaidia, mradi tujue mipaka yake na tuiweke pale ambapo chakula cha wengi hupita.

Chakula hutoa habari zake hewani mapema. Kila kilichoiva, kilichochacha, kilichovunda au kilichoota kuvu huachia kemikali nyepesi zinazoruka, na hizo ndizo tunazoziita harufu. Mchele unaonukia, kama ule unaosifika wa Kyela, hubeba kemikali ambayo wanasayansi waliitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa ndiyo roho ya mchele wa aina hiyo duniani kote. Mchele ukikaa ghalani muda mrefu, kemikali hiyo hupungua na nyingine ya mafuta yaliyochacha, heksanali, hupanda. Hii ndiyo sababu mnunuzi mzoefu wa soko la Tandika, Dar es Salaam, huchota mchele kiganjani, akaupulizia pumzi ya moto na kuunusa kabla hajauliza bei. Anasoma umri wa mchele, na pengine anasoma pia ukweli wa jina lililoandikwa kwenye gunia, maana mchele wa kila bonde huuzwa kwa jina la Kyela.

Maabara hufanya kazi hiyo hiyo kwa utaratibu. Kahawa au mahindi yaliyosagwa hutiwa kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko cha mpira na kupashwa moto hadi nyuzi 50 au 60 hivi. Kinachotafutwa ni ile hewa iliyobaki juu ya unga. Sindano yenye uzi mwembamba uliopakwa tabaka la kunasa kemikali hupenyezwa kwenye mpira na kuachwa humo, mara nyingi kwa nusu saa. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada na mwanakemia Janusz Pawliszyn, na iliwapunguzia wapimaji kazi kubwa ya kukamua harufu kwa viyeyusho. Baadaye uzi huo huchomekwa kwenye mdomo wa mashine wenye joto la nyuzi 250 hivi. Kila ulichonasa hubanduka na kusukumwa na gesi ya heli ndani ya mrija wa mita 30 uliokunjwa duara, tundu lake robo ya milimita. Kwa kawaida kemikali nyepesi hutangulia na nzito hufuata. Zikitoka upande wa pili, chombo kingine huzipasua na kuzitambua moja baada ya nyingine. Kahawa iliyokaangwa pekee ina zaidi ya 800.

Jambo linalonivutia zaidi katika maabara hizo ni kwamba baadhi yake humweka mtu mwishoni mwa mrija. Anaketi na pua yake kwenye faneli ya kioo, mkononi ana kitufe. Kila akisikia harufu anabonyeza na kuitaja: karanga, moshi, kiazi. Kwenye skrini mashine inachora vilima, kila kilima kemikali yake. Hutokea mtu akabonyeza kwa nguvu mahali ambapo mashine haikuchora chochote, na mahali palipo na kilima kirefu asisikie kitu. Kwa baadhi ya kemikali, pua bado inaishinda mitambo. Tatizo la pua liko kwingine. Huchoka, huzoea, hupata mafua. Aliyeshinda ghalani tangu asubuhi haisikii tena harufu ya ghala, na ndiye huyo huyo tunayemwuliza kama mahindi ni mazima.

Twende Feri, kwenye soko la samaki la Dar es Salaam, tuone pua inavyofanya kazi vizuri na inavyodanganywa. Samaki wa bahari ana mwilini kemikali inayomsaidia kuhimili maji ya chumvi. Akifa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya shombo. Kadiri muda unavyopita bila barafu ndivyo inavyoongezeka, hivyo mwenye kunusa matamvua anasoma saa. Umoja wa Ulaya umeligeuza jambo hilo kuwa sheria ya namba: kwa baadhi ya aina za samaki, nitrojeni ya kemikali hizo zirukazo isizidi miligramu 25 hadi 35 katika gramu 100 za mnofu, kwa kutegemea aina.

Lakini kila mpishi wa pwani anajua dawa ya shombo: ndimu. Asidi ya ndimu huishika trimethilamini na kuigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, na kisichoruka pua haikisikii. Kwa samaki mzima hilo ni pishi zuri. Kwa jodari au vibua waliokaa juani saa kadhaa kabla ya kutiwa barafu, ni mtego. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 200 kwa kilo. Samaki aliyekivuka anaweza kunuka kawaida kabisa, na histamini haiondolewi na barafu, wala na mafuta ya moto, wala na ndimu. Mlaji uso unamwiva, kichwa kinamgonga, mdomo unamwasha, akifika zahanati anaambiwa ana mzio wa samaki. Kesho yake muuzaji yupo palepale na wateja wapya.

Wapo pia wanaoidanganya pua kwa makusudi. Julai 2019, uchunguzi wa televisheni nchini Kenya ulizua tafrani baada ya kuonyesha nyama madukani ikitiwa metabisulfaiti ya sodiamu, dawa inayoibakiza nyekundu na kuonekana mbichi siku nyingi kuliko haki yake. Mahindi yaliyoota kuvu nayo huanikwa upya mpaka uvundo uishe, yakachanganywa na mazuri, yakakobolewa. Ni kweli kwamba kukoboa hupunguza sumukuvu kwa kiasi kizuri. Tatizo ni kwamba ile iliyoondoka imehamia kwenye pumba. Pumba analishwa ng'ombe wa maziwa, na sehemu ya sumu hiyo hujitokeza kwenye maziwa yake ikiwa na sura nyingine, inayoitwa aflatoksini M1. Mtoto aliyenusurika kwenye uji anakutana nayo kwenye kikombe cha chai ya maziwa.

Ndiyo maana nasema kumwachia mnunuzi kazi ya ukaguzi ni kumwonea. Anafika mwisho wa safari, baada ya chakula kuoshwa, kuanikwa, kuchanganywa na kutiwa viungo. Harufu nyingi zilizokuwa na habari zimeshapotea. Ingefaa zisikilizwe huko nyuma, ghala likiwa limefungwa na gunia halijafunguliwa.

Kwa wanaouza nje, tumeshalifanya hilo, kwa kulazimishwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu za kuulia wadudu kuvulia. Viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilitikisika. Ukaguzi ukapangwa upya, maabara zikaimarishwa, na minofu ikarudi kwenye ndege. Minofu hiyo ilipata wakaguzi. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya mnofu kuchunwa, yaliendelea kuanikwa juani na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji, na sijasikia kamishna wa Ulaya wala wa kwetu aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Mahindi nayo yalipata wakaguzi siku yalipogusa mpaka. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni Namanga, wanasiasa wa pande zote wakapandisha sauti, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, kiwango ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa nacho tayari. Mjadala wote ulihusu heshima ya nchi na haki ya biashara. Wachache waliuliza swali jepesi: yale malori yaliyogeuza, mzigo wake ulienda kuliwa na nani?

Hapo ndipo kupima harufu kunapoingia, na hapo pia ndipo panapotakiwa ukweli, maana wauza mashine hupenda kuahidi kupita uwezo wa mashine. Kuvu inapokula mahindi hutoa kemikali zinazoruka, mojawapo oktenoli, ile yenye harufu ya uyoga. Vyombo vinaweza kuzinasa kabla macho hayajaona ukungu wa kijani juu ya punje. Lakini vinachonasa ni kuvu, si sumu yenyewe. Kuvu inayohusika, Aspergillus flavus, ina aina zinazotengeneza aflatoksini na aina zisizotengeneza. Aflasafe, dawa inayomwagwa mashambani Kenya na Tanzania, ni kuvu ya ukoo huo huo isiyo na sumu, inayotumiwa kuifukuza ile yenye sumu. Kwa upande mwingine, mahindi yanaweza kuwa yameanikwa, kuvu ikafa, harufu ikaisha, sumu ikabaki. Anayekuambia kwamba kifaa chake cha mkononi kinanusa sumukuvu, mwulize anauza nini kingine.

Pamoja na mipaka hiyo, harufu ina faida moja ambayo vipimo vingine havina. Mkaguzi wa nafaka huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje kiasi cha kiganja, akazipeleka kupimwa. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya mzigo, na bambo likizikosa, cheti kitasema mahindi ni safi. Hewa ya ghala lililofungwa usiku kucha, kwa kulinganisha, imezunguka kati ya punje zote. Ukiisoma hewa hiyo hujui bado kama kuna sumu, ila unajua ghala lipi lina shida na upande upi, na bambo lako sasa unalichoma mahali penye sababu. Harufu inachuja, maabara inathibitisha. Hilo ndilo jukumu lake la haki, na ni jukumu kubwa.

Utaratibu huo hatuna haja ya kuuagiza. Upo kwenye vituo vyetu vya kukusanyia maziwa. Mfugaji anafika alfajiri na keni lake. Mpokeaji anafungua kifuniko na kuinama hapohapo, kabla hewa ya ndani haijatawanyika, akanusa. Kukiwa na uchachu, moshi au harufu ya dawa ya mifugo, keni linawekwa pembeni. Yaliyopita pua yanapimwa kwa laktomita kama yametiwa maji, kisha kwa alkoholi kama yameanza kuganda. Hakuna anayefikishwa polisi kwa sababu ya pua ya mpokeaji, na hakuna keni linaloingia tangini kwa sababu tu limenukia vizuri. Pua inapanga foleni, kipimo kinatoa hukumu.

Upo pia Morogoro, na huko umefika mbali kiasi cha kushangaza dunia. Ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alifichua mabomu zaidi ya 100 ya kutegwa ardhini na mengine yasiyolipuka huko Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika moja la Uingereza la kutibu wanyama. Wenzake hunusa makohozi ya washukiwa wa kifua kikuu, kazi iliyoanza kufanyika Tanzania mwaka 2007. Panya hupita juu ya safu ya vitundu, kila kitundu na sampuli yake. Akisikia harufu aliyofundishwa hukita pua kwa sekunde tatu, na akipatia hulambishwa ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi, kazi ya siku kadhaa kwa mtu mwenye hadubini.

Hata hivyo hakuna daktari anayeanzisha dawa kwa neno la panya. Sampuli aliyoionyesha hurudiwa maabara kwa njia zinazotambuliwa kimataifa, na mgonjwa hufuatwa baada ya kuthibitishwa. Katika kazi hiyo wamepatikana wagonjwa wengi ambao hospitali ziliwaambia hawana kitu. Sipendekezi panya wapelekwe kwenye maghala ya mahindi. Hata wafadhili wangecheka. Ninachosema ni kwamba nchi iliyoweza kuunda utaratibu wa kuchuja kwa harufu na kuthibitisha kwa maabara kwa ajili ya kifua kikuu haiwezi kudai kwamba haijui pa kuanzia kwenye unga.

Tuanzie wapi basi? Ukizingatia kwamba wengi walioumia mwaka 2004 na 2016 walikula mahindi yao wenyewe, kuweka vyombo bandarini na mipakani peke yake hakutawasaidia. Ila hata mahindi ya shamba lako hupita mahali pamoja kabla ya kuwa ugali: mashine ya kusaga. Vijiji vingi vinayo, na mwenye mashine anaona na kunusa mahindi ya kila nyumba. Leo hii hana mafunzo, hana daftari na hana pa kupeleka taarifa. Angefundishwa kutambua uvundo na punje zilizobadilika rangi. Angepewa pia chupa ya kioo na chumvi kavu, kile kipimo rahisi ambacho maofisa ugani wanakijua: unatikisa chumvi na mahindi kwenye chupa, chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi na mahindi hayajakauka vya kutosha kuhifadhiwa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mwenye mashine akisikia uvundo, ofisa ugani aitwe na bambo lake.

Mahali pa pili ni stoo za shule. Katika shule nyingi za Tanzania wazazi huchangia chakula cha mchana kwa debe au kilo kadhaa za mahindi kutoka kila nyumba. Mahindi ya nyumba mia mbili, yaliyokaushwa kwa namna mia mbili, humwagwa pamoja kwenye chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kuvu ya nyumba moja inapata makazi kwa wote, na walaji ni watoto, ambao miili yao ndiyo isiyohimili kabisa. Kama tuna fedha ya kununua vyombo vichache vya kunusa hewa ya ghala, mimi ningevipeleka huko kabla ya kuvipeleka kwa msafirishaji yeyote.

Mahali pa tatu ni masoko makubwa, kama Kibaigwa na Tandale, pamoja na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Huko mzigo unakaa, milango inafungwa usiku, na kuna umeme. Pua ya elektroniki, ambayo ilianza kuelezwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1982, inaweza kufanya kazi huko, kwa sharti moja ambalo wanunuzi wa serikali hulisahau: vihisio vyake vingi huyumbishwa na unyevu wa hewa, na vinapaswa kufundishwa harufu ya mahindi yetu, kwenye joto na unyevunyevu wetu. Kifaa kilichofundishwa kwa ngano ya Ulaya kitapiga kelele Dar es Salaam kila ikinyesha. Kazi hiyo ya kukifundisha ni ya Sokoine, ya Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakusanye harufu za mahindi, karanga, mchele, dagaa na maziwa ya hapa, mazima na yaliyoharibika, ziwe hazina ya umma.

Nasikia pingamizi la kwanza: gharama. Mashine kubwa ya maabara ni mamia ya mamilioni ya shilingi, na inahitaji gesi safi, umeme usiokatika na fundi. Ni kweli, na ndiyo maana haifai kuwa mlangoni. Chache zinatosha nchi nzima iwapo kinachopelekwa kwake kimeshachujwa. Ghali kabisa ni utaratibu wa sasa, ambapo tunapima vichache bila kuchagua na kuzika watu tunapokosea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mkulima mdogo akijua mahindi yake yatanuswa, atayaficha. Mchuuzi wa samaki asiye na barafu atafukuzwa sokoni na mwenye jokofu. Hofu hii ina msingi, kwa kuwa ukaguzi wetu umezoea kuanza na faini na kuishia na kunyang'anya. Kwa hiyo sheria iseme wazi kwamba harufu peke yake inaruhusu kuzuia mzigo kwa muda mfupi na kuupima bure, basi. Na aliyekutwa na mahindi mabovu kwa mara ya kwanza abadilishiwe sehemu yake kutoka akiba ya taifa, yale mabovu yaondolewe kabisa kwenye chakula cha watu na cha mifugo. Bila hilo, kila gunia lenye shida litahamia kwenye njia zisizo na mkaguzi, na tutakuwa tumenunua vyombo vya kunusa maghala ya watu waaminifu.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi tayari kinataka punje zisiwe na harufu isiyo ya kawaida. Sentensi hiyo imekaa kwenye karatasi bila mwenyewe: haijulikani nani anuse, lini, kwa kifaa gani, na akisikia amwambie nani. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, kwa hiyo hakuna tena kisingizio kwamba mwandishi wa kiwango na mlinzi wa mlaji ni taasisi mbili zisizozungumza. Lijaze sentensi yake. Lianze na stoo za shule za Dodoma na Manyara msimu huu wa mavuno, litangaze limenusa ngapi, limezuia ngapi na zilizothibitika kuwa na sumu ni ngapi, ili wazazi waone kama mchujo unafanya kazi au haufanyi. Mzazi anayepeleka debe lake shuleni ana haki ya kujua namba hizo kama vile mnunuzi wa kahawa anavyojua alama za kila kikombe.